Hertz na kisanduku cheusi

Mwaka 1887, mjini Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alikuwa akitafuta mawimbi yaliyotabiriwa na hesabu za Maxwell. Upande mmoja alirusha cheche ya umeme. Upande wa pili aliweka kitanzi cha waya chenye mwanya mdogo. Cheche ikitokea kwenye mwanya huo, basi wimbi limefika. Cheche hiyo ilikuwa hafifu, kwa hiyo akaifunika kwa kisanduku cheusi apate kuiona vizuri. Ajabu, ikafupika! Kioo kikiwekwa katikati, nacho kiliifupisha; fuwele ya kwatzi haikuifupisha. Kumbe mwanga wa urujuanimno kutoka cheche ya kwanza ulikuwa unaisaidia ile ya pili. Mwaka 1905 Einstein alieleza sababu yake.

Leo wanafunzi wa fizikia hulirudia jaribio hilo kwa kuchora vifaa katika kompyuta na kuvitoa kwa printa ya 3D. Nawaonea wivu, nakiri. Lakini anayeondoa cheche na kuweka kipokezi cha kisasa anapata wimbi safi tu, na kisanduku cheusi hakina kazi tena. Programu ya kuiga mawimbi nayo inajua hesabu za Maxwell ilizopewa, basi. Iache ifanye kazi hadi asubuhi, haitakuonyesha kwamba mwanga hurefusha cheche.

Mtu wa lugha za Kiafrika anatafuta nini humo? Dhambi hiyo ni yetu pia. Nilipoandika masimulizi ya bibi yangu, nilifuta vituo, kigugumizi, na pale alipotamka kitenzi kwa toni moja kisha akajirekebisha. Mwalimu akauliza: alijirekebisha kwa nini? Sikuwa na jibu. Faili ya sauti nilikuwa nimeifuta ili kupata nafasi kwenye simu, na bibi hayupo tena.

Mhariri wa matini ya kale huandika pembeni kila neno alilobadilisha. Anayejenga upya kifaa cha Hertz naye aseme wazi: hapa palikuwa na cheche, mimi nimeweka hiki. Nasi, katika kazi za mwisho wa masomo za mwaka huu, idara ikatae matini yoyote iliyosafishwa ambayo haikuletwa pamoja na rekodi yake ghafi.