Kicheko Kisiwafunge Vijana Vinywa

Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, katika mkutano wake wa Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka siku hiyo husikika hotuba nyingi za kukisifu Kiswahili. Sifa hizo ni haki yake. Lugha ambayo Umoja wa Afrika uliikubali mwaka 2022 kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi si lugha ya kuonewa haya. Lakini hotuba zikwisha na mahema yakishakunjwa, kazi ya kuikuza lugha hurudi mahali padogo zaidi, yaani katika chumba cha darasa baada ya saa za masomo, ambamo wanafunzi ishirini au thelathini hukutana na kujiita chama cha Kiswahili. Leo twapenda kusema juu ya vyama hivyo, maana twaona havipewi uzito unaovistahili, na pengine vyenyewe havijui nguvu vilivyo nayo.

Vyama hivi vimekuwako kwa muda mrefu katika shule na vyuo vyetu. Vingine ni vidogo mno, vyenye mwalimu mmoja mlezi na daftari moja la kumbukumbu. Vingine vimekua hata vikavuka mipaka, kama CHAWAKAMA, ambacho huwaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na kuwakutanisha katika makongamano, mara katika nchi hii, mara katika ile. Humo kijana husoma makala yake mbele ya watu wasiomjua, akaulizwa maswali, akajibu.

Wako watu wanaodhani kwamba shughuli hiyo ni ya wale wachache waliochagua kusomea lugha, na kwamba mfanyakazi wa kiwandani au mkulima haimhusu. La hasha. Na tutazame kwanza hali ya mtoto wa mfanyakazi huyo.

Mtoto huyo husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Huuliza, hubisha, humsimulia mwalimu habari za nyumbani. Akiingia sekondari hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na siku hiyo hiyo hunyamaza. Hanyamazi kwa kuwa hana akili, bali kwa kuwa swali alilo nalo moyoni halijui njia ya kutokea mdomoni. Zipo shule ambazo huzidisha dhiki hiyo kwa kumwadhibu aliyesikika akisema Kiswahili uwanjani, na baadhi humvika kibao shingoni kama mwizi aliyekamatwa na mali ya watu. Nasi twauliza: ni lugha gani ya kigeni iliyopata kufundishwa vizuri kwa njia ya aibu? Kiingereza ni lugha ya manufaa, na twataka vijana wetu wakijue barabara. Lakini kijana aliyekaa miaka minne akiogopa kufungua kinywa hutoka shuleni na Kiingereza cha kubahatisha, na Kiswahili chake nacho kimebaki kile kile cha utotoni. Huyo ndiye tunayemwajiri. Huyo ndiye anayeketi nyuma katika mkutano wa wafanyakazi, anayejua kabisa kwamba hesabu ya saa za ziada haikwenda sawa, wala hasimami.

Hapo ndipo chama cha Kiswahili kinapofanya kazi ambayo darasa limeshindwa kuifanya. Saa moja kwa juma, mwanafunzi yule yule aliyekuwa bubu tangu asubuhi husimama katika mdahalo akatetea hoja. Wiki hii amekuwa mzungumzaji, wiki ijayo ni katibu, naye yampasa aandike kumbukumbu za kikao ambazo wenzake watazisoma na kuzithibitisha au kuzikataa. Mwezi ujao huenda akawa mwenyekiti, ajifunze kumkatiza rafiki yake aliyepitisha muda bila kumvunjia heshima, na kumpa nafasi mpinzani wake amalize maneno yake. Mambo haya huonekana madogo. Lakini yeyote aliyepata kuketi katika kamati yoyote, iwe ya tawi, ya chama cha wafanyakazi, ya ushirika au ya msikiti na kanisa, ajua ni watu wangapi wazima, tena wenye elimu, wasioweza kuyafanya. Na tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, haja imezidi. Hakimu na wakili, shahidi na mdai, wote wahitaji Kiswahili kinachoweza kubeba hoja nzito, na Kiswahili cha namna hiyo hakipatikani kwa kupiga soga barabarani.

Basi ikiwa faida ni kubwa hivyo, kwa nini vyama vingi hudhoofika? Fedha ni sababu mojawapo, na saa za masomo zilizobanana ni nyingine. Lakini iko sababu ya tatu ambayo watu huona haya kuitaja, nayo ni kicheko.

Kijana wa bara hutamka “kula” pale palipotakiwa “kura”. Anasema kwa moyo wake wote kwamba wananchi wajitokeze wakapige kula, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwingine asema “kitu yangu”, naye huigizwa bwenini hadi usiku. Wanaocheka huona kwamba wamefanya mzaha tu. Aliyechekwa hukaa chini, na mara nyingi harudi tena. Wanaobaki ni wale waliozaliwa na lugha hii kinywani, nao hubaki wakisifiana wao kwa wao, na chama kimekuwa baraza la watu sita wanaoshindana kwa maneno magumu.

Jambo hili huwa baya zaidi wageni wanapokuwapo. Mwanafunzi wa Uganda anayesoma Kiswahili amebeba mzigo ambao sisi hatuujui. Kwa miaka mingi nchini mwake lugha hii ilihesabiwa kuwa lugha ya askari, na alipoitangaza Idi Amin mwaka 1973 kuwa lugha ya taifa, hofu ya watu haikupungua. Katiba ya nchi hiyo ilirekebishwa mwaka 2005 na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kwa hiyo kijana anayetoka Kampala au Kigali kuja kongamanoni amekwisha kushinda vita moja nyumbani kwao kabla hajapanda basi. Akifika Dar es Salaam akachekwa kwa kukosea ngeli, tumemwambia nini? Tumemwambia kwamba lugha tunayoiita ya Afrika Mashariki ni mali yetu sisi, na yeye ni mpangaji.

Nasi twauliza: mwenye mali ni nani? Kiswahili Sanifu chenyewe kilitokana na uamuzi wa watu. Ndicho Kiunguja kilichochaguliwa na kuwekwa chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na wenyeji wa Mombasa na Lamu, wenye hazina ya mashairi ya karne nyingi, walikuwa na haki ya kunung’unika. Mtu wa Mombasa amwitaye mwenziwe kwa kusema “ndoo” hakukosea, amesema lugha ya mamaye. Tena tazameni waliokijenga Kiswahili baada ya Uhuru. Mathias Mnyampala, aliyezipa shule zetu ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa mzaliwa wa Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mwalimu Nyerere, aliyekifasiria Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, alikuwa Mzanaki aliyeanza shule mjini Musoma akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Lau watu hao wangalinyamazishwa kwa kicheko walipokuwa vijana, hasara ingalikuwa ya nani?

Hatusemi kwamba makosa yaachwe. Lugha isiyosahihishwa huoza, na sisi wa magazeti hatuna ruhusa ya kulisahau hilo. Twasema kwamba msemaji aachwe amalize hoja yake, hoja ijibiwe kwanza, kisha kosa lisahihishwe na mlezi au mwenzake kwa sauti ya kawaida, na sahihisho liambatane na sababu: kitu ni cha ngeli ya ki- na vi-, kwa hiyo “kitu changu”. Tumeona vyama ambavyo humteua mmoja wa wanachama kuandika makosa ya kikao kizima bila kutaja majina, na kuyasoma mwishoni. Hiyo ni njia nzuri. Wale waliozaliwa na lugha nao hugundua hapo, kwa mshangao, kwamba yao si machache.

Liko na jambo la pili linalotukera. Chama cha Kiswahili katika shule nyingi hukumbukwa siku mgeni rasmi anapokuja. Ndipo wanafunzi huitwa, hupangwa mstari juani, huimba ngonjera ya kumsifu mgeni waliyoandikiwa na mwalimu, kisha hurudishwa darasani hadi mgeni mwingine. Mnyampala alitunga ngonjera ili watu wawili wajibizane hata mmoja amshawishi mwenzake. Kuigeuza kuwa wimbo wa kupokelea wageni ni kuinyima roho yake.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa shule wavipe vyama hivi saa yao katika ratiba, isiyoliwa na mtihani wala na usafi wa mazingira. Twawaomba viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi, wanapoalikwa na wanafunzi, wasiende na hotuba. Waende waketi kwenye benchi, wasikilize mdahalo hadi mwisho, nao wakiona wana la kusema waombe nafasi kwa mwenyekiti, hata kama mwenyekiti huyo ni msichana wa kidato cha pili. Na vyama vya wafanyakazi vyenye mfuko wa elimu vingeweza kulipa nauli za wajumbe wawili watatu wa chuo kilicho jirani waende kongamanoni, maana mara nyingi wanaobaki nyumbani si wale wasiojua lugha, bali ni wale ambao wazazi wao hawana nauli ya basi ya kwenda na kurudi.