Adapta Si Transfoma, na Muuzaji Anajua Hivyo

Wacha niseme hii kitu vile ilivyo. Ukiuziwa amplifaya iliyotoka Japani, ukapewa na adapta kama zawadi, ukaambiwa "enda uchomeke tu, inafanya", umeibiwa. Usiseme eti ni bahati mbaya, wala eti stima ya mtaa wenu ni mbaya. Umeibiwa.

Na mimi nilisaidia kukuibia, ndiyo maana naandika.

Wale wa kitambo hapa mnakumbuka ile video ya Desemba. Mimi na ampu ya rangi ya fedha, mishale miwili ikicheza kwa mwangaza wa manjano, nikiwaambia duka liko orofa gani na mseme ni mimi nimewatuma mpunguziwe bei. Niliilipia 42,000, pesa ya kuhariri video za harusi za watu kwa miezi saba. Nilirekodi palepale dukani, ampu ikilia poa manze, besi imekaa mahali pake. Nikaipakia usiku huo kabla sijaiwasha kwangu hata mara moja. Hapo ndipo makosa yangu yalipo na sitayafunika.

Asubuhi nikachomeka kwa keja. Sekunde nne hivi. Ikanguruma ile sauti nzito ya chini, spika zikapiga kishindo kimoja, kisha harufu. Kama umewahi kusikia harufu ya kapasita ikipasuka hutaisahau, ni kama samaki ameungua juu ya plastiki. Nikachomoa na mkono unatetemeka.

Fundi alipofungua akanyamaza kidogo, halafu akaniita nione. Mahali pa fyuzi palikuwa na uzi wa shaba umesokotwa. Kuna mtu aliwahi kuchomeka hiyo mashine kwa 240, fyuzi ikafanya kazi yake ikakatika, na badala ya kujiuliza kwa nini, akaweka waya. Fyuzi ya shilingi chache ndiyo ingeniokoa. Transfoma ilikuwa nyeusi, na kapasita mbili kubwa zimefura vichwa.

Nilirudi dukani. Jibu? "Stima ya kwenu iko juu, bro. Unaishi mtaa gani?" Alisema hivyo bila aibu. Lakini wakati anaongea nilifuata kwa macho waya wa zile ampu zilizokuwa zinalia pale kwenye rafu. Hazikuingia ukutani. Zilishuka nyuma ya kaunta, zikaenda kwa sanduku la chuma la kijivu, zito, linavuma polepole. Juu limeandikwa: IN 240, OUT 100.

Soma hiyo tena. Duka lina transfoma yake. Duka linajua. Mashine zake linazilinda, yako linakupa adapta.

Sasa tuelewane, kwa sababu hawa watu wanakula ujinga wetu. Nyumba za Japani zinatumia volti 100. Marekani 120. Kenya ni 240. Adapta ni kipande cha plastiki na chuma kinachobadilisha umbo la pini, basi. Haipunguzi hata volti moja. Ni kama kuvalisha mtu sare ya rubani halafu umpe ndege.

Ndani ya ampu ya zamani kuna transfoma ambayo imepigiwa hesabu ya 100. Ukiipa 240, umeipa mara 2.4. Kiini chake cha chuma kinashiba sumaku, kinakataa kuzuia stima, na mkondo unapanda kama maji yaliyovunja bomba. Huko mbele, saketi iliyotarajia volti 40 inasukumiwa kuelekea 96, na kapasita iliyoandikwa 50 au 63 haiwezi kustahimili. Hii haihusu Sansui, Luxman ama Technics kuwa mbovu. Hizo mashine ziliundwa na watu makini sana, na nyuma zimeandikwa wazi kabisa: 100V. Mjapani alikuambia ukweli. Aliyekudanganya ni wa hapa.

Najua utakachosema. "Lakini chaja ya laptopu yangu ilitoka Marekani na inafanya." Ndiyo, kwa sababu imeandikwa 100–240V. Ni aina nyingine ya usambazaji umeme ambayo inajirekebisha yenyewe. Ampu nzito ya miaka ya 70 haina hiyo akili. Uzito wake wote ule ni shaba na chuma, na chuma hakijadiliani.

Halafu kuna wale wajuaji wa upande wa pili, wa spika za laki tano, wanaokuja kutuambia kwamba transfoma ya kushusha stima "inaua sauti" na kwamba stima ya mara 50 kwa sekunde inaharibu muziki uliozoea 60. Jameni. Ampu inageuza stima yote kuwa mkondo mnyoofu kabla muziki haujaigusa. Na huko Japani kwenyewe nchi imegawanyika! Mwishoni mwa miaka ya 1800 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani na Osaka ikanunua za Marekani, na mpaka leo mashariki ni 50, magharibi ni 60. Tetemeko la 2011 lilipoangusha mitambo ya mashariki, magharibi ilishindwa kuwapa stima ya kutosha kwa sababu ya huo mpaka. Ndiyo maana ampu nyingi za Japani zimeandikwa 50/60. Haijali.

Kinachojali ni santuri. Kama mashine yako ya sahani inatumia mota inayofuata mapigo ya stima, na iliundwa kwa 60, hapa Nairobi itazunguka polepole. Ile 33⅓ inakuwa karibu 28, na msanii anaimba kama ametoka kung'olewa jino. Transfoma haitakusaidia hapo, inashusha volti lakini mapigo yanabaki yaleyale. Technics SL-1200, ile ya madijei, haina shida hiyo kwa sababu mota yake inaendeshwa na saketi yake. Volti bado lazima uangalie.

Kwa hivyo ufanye nini? Geuza mashine usome mgongo wake. Kuna toleo za kuuza nje ambazo zina kiteuzi cha volti pale nyuma: hiyo unaweka 240 ikiwa haijachomekwa na umemaliza. Toleo za ndani ya Japani nyingi hazina. Hapo unahitaji transfoma ya kweli, na uiweke kwa bajeti tangu siku ya kwanza, usije ukafika home ukaanza kutafuta ya bei ya chips. Mgongo ukisema wati 250, usinunue ya 300. Nunua ya 500, ipumue. Pia usome inatoa ngapi. Zile zimejaa mjini zinatoa 110. Kwa mashine ya Marekani ya 120 iko sawa. Kwa ya Japani tayari umezidisha kwa asilimia 10, na usiku stima ikipanda hadi 255, ile 110 nayo inapanda hadi karibu 117. Mashine inakaa jikoni bila wewe kujua.

Na kuna vile visanduku vyepesi vimeandikwa wati 1,600, vinatoshea kiganjani. Hivyo ni vya vitu vya kupasha moto kama kikausha nywele, vinakatakata wimbi la stima. Ukivipa ampu yako unajitafutia.

Hii si ya sauti tu. Transfoma nyingi za bei rahisi zina msokoto mmoja tu wa shaba, ambapo ya kuingia na ya kutoka zinashiriki waya. Sehemu ya chini ya huo msokoto ikikatika, 240 yote inapita mpaka kwa mashine. Plagi ya Japani ya pini mbili haina waya wa ardhini. Na ampu ni chuma. Sasa fikiria ndugu yako mdogo, miguu mitupu kwa sakafu iliyopigwa deki, anashika kitufe cha sauti.

Watu watatu wameniandikia faragha tangu Desemba. Watatu walitazama ile video, wakaenda lile duka, wakapewa ile adapta. Mmoja ni dijei anayeanza, ampu ilikuwa ya deni la chama cha mamake. Nimemwomba msamaha na anajua kwamba msamaha haulipi chama.

Msiniambie eti "mnunuzi ajichunge". Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi anachonunua, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. "100V" ni habari. Ni herufi nne. Zingetoshea kwenye kale kakaratasi ka bei, lakini zikiwekwa pale utauliza swali, na ukiuliza swali bei ya transfoma inaingia kwenye hesabu, na ghafla ile ampu si deal tena. Hiyo ndiyo sababu hazipo. Hakuna aliyesahau.

Na sisi wa kamera tunajua pia, ama tungejua kama tungeuliza. Tunapewa punguzo, tunarekodi kwa stima ya duka, tunaondoka. Nimetoa ile video. Punguzo nililopewa lilikuwa 5,000, na hiyo imeenda kwa yule dijei leo asubuhi. Haitoshi, ni mwanzo.

Jumamosi saa nne narudi kule na ampu begani, risiti, barua ya fundi na ule uzi wa shaba ndani ya karatasi ya plastiki. Wale watatu wanakuja. Wewe nawe kama ulichoma yako kwa njia hii, leta, hata kama umebaki na mfuniko tu. Na kama uko karibu kutuma pesa mahali kwa ajili ya mashine ya kutoka nje, nitumie kwanza picha ya mgongo wake. Si ya mbele. Mgongo.