UKUTA WA UMMA NI WA NANI?

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Ndugu msomaji, kuna maswali ambayo watu wazima huyakwepa kwa kusema, "Tuache mambo ya dini." Mimi sioni faida ya kuyaacha. Jambo likiachwa halifi, hukua kimyakimya kama magugu nyuma ya darasa. Swali lenyewe ni hili: alama za sikukuu, ziwe za dini au za serikali, zina nafasi gani katika mahali pa umma? Nasema juu ya mti wa Krismasi, mwezi na nyota za Idd, taa za Diwali, hata bendera na picha za viongozi. Chama chetu kililijadili swali hili chini ya hoja isemayo, "Alama za sikukuu za dini zipigwe marufuku katika shule na ofisi za umma." Kengele ililia kabla hatujapiga kura, na watu wakatoka wakibishana mpaka langoni. Kwa kuwa sikupata nafasi ya kusimama siku ile, naomba kusimama hapa kwa kalamu.

Kwanza tujue tunaishi wapi. Hapa Mumias, Waswahili wa misafara ya biashara walifika katika karne ya 19 wakati wa ufalme wa Wanga, na Uislamu ukabaki. Wamishonari nao walikuja, na Ukristo ukabaki. Matokeo yake ni familia kama yetu. Nyanya mzaa baba ni Mwislamu, nyanya mzaa mama huimba kwaya kanisani. Siku ya Idd tunakula pilau kwa mmoja, siku ya Krismasi tunakula kuku kwa ugali kwa mwingine, na tumbo langu halijawahi kulalamika. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema "wao" na "sisi," huwa sijui anitie upande gani.

Pili, tutazame sheria. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 haina maneno mengi. Kifungu cha 8 kinasema tu kwamba Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha imani yake, peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Katika mjadala wetu, walioiunga mkono hoja walikishika kifungu cha 8 kama ngao, na walioipinga wakakishika cha 32 kama mkuki. Hakuna aliyekumbuka kwamba vyote viwili viliandikwa katika kitabu kimoja ili visomwe pamoja.

Isitoshe, serikali yetu haijawahi kujifanya haimjui Mungu. Wimbo wetu wa taifa ni dua tangu ulipoanza kuimbwa mwaka wa 1963. Sheria ya Sikukuu, yaani Sura ya 110, inatupumzisha sote Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Idd-ul-Fitr. Basi wanaosema ati dini ifungiwe nyumbani, waanze kwanza kuja shuleni tarehe 25 Desemba! Siku yenyewe ni ya umma. Tukiikubali siku kisha tukaogopa tawi la saipresi lililofungwa utepe, tutakuwa tumemeza ng'ombe tukashindwa na mkia.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wa upande wa pili pia. Wao walikuwa na hoja moja waliyoirudia kama kasuku: "Wengi wape." Walisema Wakristo ndio wengi Kenya, hivyo mapambo yao yakae popote, na asiyependa afumbe macho. Kweli, katika sensa ya mwaka wa 2019 Wakenya walihesabiwa zaidi ya milioni 47, na Wakristo ndio waliokuwa wengi. Lakini Waislamu walikuwa zaidi ya milioni 5, Wahindu elfu 60 hivi, na watu zaidi ya laki 7 walisema hawana dini yoyote. Hao wote hulipa kodi. Kila anunuaye sabuni na soda amechangia rangi ya ukuta wa ofisi.

Fauka ya hayo, wingi ni kitu cha kuhama. Anayesema "wengi wape" hapa kwetu, na apande basi mpaka Garissa aone kama atalisema tena. Huko Mkristo ndiye mchache. Kanuni nzuri ni ile ambayo ukihamishwa nayo usiku, ukaamka asubuhi katika kaunti nyingine, bado utaitaka. Hata hao "Wakristo wote" tunaowasemea si kitu kimoja. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi Krismasi kabisa.

Wengine walisema mti si wa dini, ni pambo tu, kwa hivyo hakuna ubaya. Kama ni pambo tu, mbona ukiguswa watu wanapandwa na mori? Tena tazama pambo lenyewe lilivyo: pamba imetandazwa matawini ijifanye theluji, katikati ya jua la Desemba, katika nchi ambayo theluji iko juu ya Mlima Kenya tu! Silicheki. Nasema tu kwamba kitu kinaweza kuwa pambo kwa huyu na ibada kwa yule, na hakuna rula ya kupimia.

Wamarekani walijaribu kupima. Mwaka wa 1984 Mahakama yao ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mji wa Pawtucket ungeweza kuweka sanamu za hori alimozaliwa Yesu, kwa sababu zilichanganywa na Baba Krismasi, kulungu wake na mapambo mengine. Mwaka wa 1989 ikaja kesi ya Pittsburgh. Huko hori liliwekwa kwenye ngazi kuu ndani ya jengo la mahakama ya kaunti, na nje ya jengo jingine la serikali pakawekwa mti wa Krismasi wa futi 45 na kando yake kinara cha Wayahudi cha futi 18, kwa ajili ya sikukuu yao ya Hanukkah. Majaji wakasema hori liondoke, mti na kinara vibaki. Wafaransa nao, ambao tangu mwaka wa 1905 sheria yao inakataza alama za dini kwenye majengo ya umma, walifika mahakama yao kuu ya mambo ya utawala mwaka wa 2016 kuuliza hori linaruhusiwa lini. Jibu lilikuwa kwamba inategemea mahali, desturi ya pale, na kama nia ni sherehe au ni kuhubiri.

Nawaheshimu majaji hao, lakini hatuwezi kumpa chifu kazi ya kuhesabu kulungu. Sisi tunahitaji kitu chepesi. Mimi nimekipata kwenye matatu.

Matatu zetu zimejaa dini. Kioo cha mbele kimeandikwa jina la Yesu, cha nyuma kimeandikwa "Mashallah," na ndani kuna rozari inaning'inia kwenye kioo cha dereva. Mbona hakuna anayeshtaki? Kwa sababu matatu ni mali ya mtu, na usipoipenda unashuka, unapanda nyingine. Vivyo hivyo duka kubwa likianza kupiga nyimbo za Krismasi mwezi wa Novemba, ni haki ya mwenye duka. Soko, barabara na uwanja navyo ni vya wote, kila mtu apite na shangwe yake. Lakini ofisi ya chifu ni moja. Zahanati ya serikali ni moja. Cheti cha kuzaliwa huwezi kukitafuta katika duka jirani. Mahali ambapo mtu hana pa kwenda pengine, ukuta usimwambie kwamba yeye ni mgeni.

Nitatoa mfano, ingawa ofisi yenyewe sitaitaja. Nilimsindikiza nyanya mzaa baba katika ofisi moja ya umma mwezi wa Desemba. Mlango ulikuwa umezungushiwa utepe mwekundu na maputo. Karani akamwambia, "Krismasi njema, nyanya," naye akacheka akajibu, "Na kwako, mwanangu." Hakukerwa hata kidogo. Utepe ule ulikaa mpaka Februari ukawa na vumbi. Mwezi wa Ramadhani ulipofika ukingoni, vijana wa mtaani walikata mwezi na nyota za karatasi wakazibandika kwenye mlango uleule. Kufikia jioni zilikuwa zimebanduliwa, na wakaambiwa, "Hapa si msikitini." Nyanya aliposikia hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu. Tangu siku hiyo, akiwa na shida ya karatasi, humtuma baba.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, ndugu msomaji. Utepe haukumuumiza. Kilichomuumiza ni kwamba mlango uliokuwa wazi kwa wengine ulifungwa zamu yake ilipofika. Hivyo maswali ya kuuliza ni matatu tu: Nani ameiweka alama? Nani ameilipia? Na nani amekataliwa kuweka yake?

Kuna waliosema, "Basi tubaki na alama za serikali tu, hizo hazina ugomvi." Hata hilo si kweli. Zamani tarehe 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta. Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Mashujaa, ili mtoto wa kila mpigania uhuru aione kuwa yake. Jina la mtu mmoja lilikuwa dogo kwa sikukuu ya watu wote. Nayo bendera ni kitu kitukufu, na tunapoipandisha asubuhi gwarideni mimi husimama wima kwa moyo. Lakini mwaka wa 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba watoto wa shule, waliokuwa Mashahidi wa Yehova, wasilazimishwe kuipigia bendera saluti, na hiyo ilikuwa wakati nchi yao imo vitani! Alama ya taifa pia yaweza kuwa mzigo ikigeuzwa kiboko. Heshima ya kulazimishwa ni woga uliovaa sare.

Sasa nisije nikaonekana mtu wa kubomoa bila kujenga. Napendekeza hivi.

Kwanza, mahali panapotolewa hukumu au amri, yaani mahakamani, kituo cha polisi, kituo cha kupigia kura na chumba cha mtihani, pakae nembo ya taifa na bendera, basi. Anayengojea hukumu asianze kupiga ramli akitazama ukuta.

Pili, katika ofisi nyingine, zahanati na shule, mlango ukifunguliwa kwa mmoja ufunguliwe kwa wote. Mapambo yaje na sikukuu na yaondoke nayo, si kukaa mpaka yaote vumbi. Mkubwa wa ofisi akiona hawezi kuwa sawa kwa wote, asibandike chochote. Hilo nalo ni haki.

Tatu, fedha za umma zisinunue alama ya dini yoyote. Wenye sikukuu wachange. Kitu ulichokichangia hukitunza, tena hakimpi jirani sababu ya kunung'unika.

Nne, asilazimishwe mtu. Mwanafunzi asiyetaka kuimba nyimbo za Krismasi siku ya kufunga shule asiitwe mkaidi, na yule asiyetaka kukata karatasi za mwezi asiitwe adui.

Katika shule yetu hili si gumu. Namwomba Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, atupe ubao mmoja kando ya ofisi yake. Chama chetu kitatunza kalenda. Kabla ya kila sikukuu, wenye sikukuu wataweka alama yao na maandishi mafupi kwa Kiswahili sanifu kueleza maana yake, na baada ya siku tatu wataitoa. Nadhani wengi wetu hatujui kwa nini Wahindu huwasha taa siku ya Diwali, wala kwa nini Idd husogea mbele siku 10 au 11 kila mwaka. Ni kwa sababu mwaka wa mwezi una siku 354 tu. Tutajifunza dini za watu na Kiswahili kwa wakati mmoja, na mwalimu wa lugha atapata insha za kusahihisha.

Tena tusifikiri tuna muda mrefu. Mwishoni mwa Desemba 2000, Idd-ul-Fitr iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi. Kwa hesabu za mwezi, mwaka wa 2033 zitakaribiana tena, Idd ikitangulia kwa siku mbili hivi. Wakati huo sisi wa Kidato cha Tatu tutakuwa makarani, walimu, wauguzi na machifu, na funguo za hizo ofisi zitakuwa mikononi mwetu. Siku hiyo mtu atakuja na utepe wake na mwingine na mwezi wake wa karatasi, wote wakiomba msumari. Mimi nasema misumari iwe miwili, na tuanze kuigongomea sasa.