Kitunguu cha Mang'ola baada ya amri ya kutonunua shambani

Jikoni kwa familia nyingi za Nairobi hakuna jokofu la kuwekea mboga. Ghala la jikoni ni kibanda cha mama mboga nje ya lango: vitunguu vitatu, nyanya nne, sukuma wiki ya kukatwa papo hapo na dhania kidogo, chakula cha jioni kimepatikana. Arusha na Moshi mambo ni yale yale, ila huko kibanda huitwa genge na dhania huitwa kotmiri. Mpishi hanunui cha wiki nzima, hununua cha leo. Kwa hiyo lori likichelewa, pengo huonekana kwenye sufuria haraka.

Si kila kitu kibandani huguswa na mpaka kwa namna moja. Sukuma wiki hunyauka kabla ya jua kuzama, ndiyo maana hulimwa karibu na mji. Nyanya huweza kusafiri ikichumwa inapoanza kugeuka rangi, lakini ikifika mpakani imeiva tayari, kila saa ya kusubiri ni hasara. Kitunguu ndicho msafiri mvumilivu, na sehemu kubwa ya vitunguu vyekundu vinavyouzwa Nairobi hutoka Tanzania. Vingi hulimwa Mang'ola, wilayani Karatu, kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi. Vingine hutoka mbali zaidi, Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa.

Biashara hii ndiyo iliyoguswa na amri iliyotolewa mwishoni mwa Julai 2025 na Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania wakati huo, Selemani Jafo, kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Zilizovuma zaidi zilikuwa saluni, ufundi wa simu na uwakala wa kutuma fedha. Wafanyabiashara wa mazao walipaswa kusoma mstari mwingine katika orodha hiyo hiyo: ununuzi wa mazao shambani.

Adhabu si ndogo. Asiye raia akipatikana na hatia anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania, kifungo cha hadi miezi sita, na kufutiwa viza au kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye hakusahauliwa: faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Wenye leseni zilizokuwa hai waliruhusiwa kuendelea hadi muda wake uishe, lakini mnunuzi wa vitunguu anayelala nyumba ya wageni Karatu na kulipa wakulima taslimu mara nyingi hakuwa na leseni ya kuisubiri iishe.

Chimbuko la amri linajulikana. Kwa muda mrefu wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walilalamika kwamba wageni wameingia hadi kwenye rejareja na umachinga. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini kitunguu hakiuzwi kama vyombo vya plastiki vya Kariakoo. Mkenya anayenunua Mang'ola hashindani na Mtanzania kwa mteja wa Kitanzania. Anamletea mkulima soko la ng'ambo ya mpaka. Wavu uliotegwa mjini umenasa na asiyekusudiwa.

Nairobi ilipinga ikisema amri hiyo haipatani na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo Ibara yake ya 13 inatoa haki kwa raia wa nchi wanachama kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama. Hoja hiyo ina uzito mbele ya wanasheria. Mbele ya askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara haina uzito wowote, na mfanyabiashara hukutana na askari kabla ya kukutana na hakimu.

Haifai pia kuupamba mtindo wa zamani. Ununuzi wa shambani umewaumiza wakulima wengi. Anayeng'oa vitunguu bila kuwa na banda la kuvitunza hana nguvu ya kubishana bei. Akisubiri, mvua inanyesha. Ndipo lumbesa inapoingia, gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linapita kilo 100 huku likilipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo wa Tanzania umekuwa ukiipiga vita kwa miaka, na wanunuzi wa pande zote mbili wamekuwa wakiidai.

Hata hivyo, shambani ndipo ubora wa kitunguu huamuliwa. Mnunuzi mzoefu hushika shingo ya kitunguu: ikiwa laini na mbichi, hakijakauka, na gunia hilo litaoza kabla halijafika Marikiti. Kilichoanikwa vizuri kwa wiki moja au mbili, mpaka shingo ikafunga na maganda yakawa makavu, hukaa wiki nyingi penye hewa. Anayekatazwa kufika shambani hununua kwa macho ya dalali, na dalali hulipwa kwa gunia lililoondoka, si kwa lililofika salama. Kama kungekuwa na soko la mazao lenye mizani na mabanda karibu na mashamba, amri ingeweza kumpa mkulima bei nzuri kuliko awali. Pasipo hayo, faida iliyokuwa ya Mkenya inahamia mfukoni mwa dalali, na mkulima anabaki alipokuwa.

Mpishi wa Nairobi hatasikia habari hizi kwa njia ya bei moja kwa moja. Mama mboga huchelea kutamka bei mpya kwa mteja wa kila siku. Hupunguza fungu: vitunguu vitatu vinakuwa viwili, au vinabaki vitatu vidogo.

Kisicholetwa na amri hii ni marufuku ya kuuza nje. Kitunguu bado kinaruhusiwa kuvuka, kinachobadilika ni nani anakinunua na wapi. Mkenya anaweza kununua kutoka kwa mfanyabiashara wa Kitanzania sokoni, au kukubaliana naye alete mzigo hadi Namanga. Tofauti ambayo wengi wanaipuuza ni kati ya muuzaji wa kweli na jina la kuazima. Mtanzania anayenunua kwa fedha zake, mwenye TIN na leseni yake, akatoa risiti na kubeba hasara mzigo ukiharibika, ni mfanyabiashara. Anayelipwa posho ili jina lake liandikwe kwenye karatasi huku Mkenya akihesabu fedha shambani ndiye anayeweza kuhesabiwa kuwa msaidizi, na miezi mitatu jela ni yake.

Namanga yenyewe si kikwazo kama ilivyokuwa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018 kimepunguza kusimamishwa mara mbili. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, anaweza kutumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya na cheti chake cha asili ya bidhaa, bila kulipa wakala wa forodha. Lakini utaratibu huo hauondoi cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, ambacho KEPHIS hukitazama upande wa Kenya. Wengi huanza kukitafuta lori likiwa tayari limepakiwa.

Hatari nyingine hazitangazwi mapema. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti mapya. Aprili 2025 ilikuwa zamu ya Tanzania kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kujibu vikwazo vya nchi hizo dhidi ya mazao yake, ndizi zikiwemo, kabla ya mazungumzo kulegeza msimamo. Mahindi yanaweza kukaa ghalani mawaziri wakizungumza. Ndizi na nyanya haziwezi. Mwenye lori la nyanya hujikuta akiuza kwa bei ya kutupa pale pale mpakani, siku mbili kabla ya tangazo la kufungua.

Kwa wanaojiandaa kwa msimu ujao wa Mang'ola, kazi inaanzia mezani. Aliyekuwa mwenyeji wao shambani awe muuzaji kamili mwenye leseni, vipimo viandikwe kwa kilo badala ya gunia, na wakubaliane mapema nani anabeba hasara ya kitunguu kilichong'olewa kibichi. Mkulima naye ana la kuuliza kabla ya kupanda: mnunuzi aliyekuja mwaka jana na fedha mkononi, mwaka huu atamtuma nani?