*TAARIFA YA TAWI: SOLA SI SABABU YA KUTURUKA NGUZO*

Ndugu wanachama, ndugu wananchi wa kitongoji chetu na vitongoji jirani,



Kamati ya Tawi ilikaa jana jioni uani kwa Mwenyekiti, kwa taa ya sola iliyotuzimikia saa tatu kasoro. Kikao kilimaliziwa kwa tochi ya simu. Tunawaambia hili mapema ili mjue taarifa hii imeandikwa katika hali gani.

Kwenye mkutano wa hadhara wa Alhamisi, Mheshimiwa Diwani alisema kitongoji chetu "kimeshajitosheleza". Kwamba tuna sola juu ya mapaa, tunavuna maji ya mvua, tunapika kwa kuni zetu, hivyo nguzo ziende kwanza kwa wenye uhitaji. Baadhi yetu walipiga makofi. Tunawasamehe, maana kusifiwa ni kutamu. Lakini Diwani ni wa chama chetu, tulimpigia kura na tulimpigia kampeni kwa miguu, na kwa sababu hiyo hiyo tunamjibu hadharani: *HATUJAJITOSHELEZA. TUMEACHWA, TUKAJITAFUTIA.*

Tuanze na hesabu, kwa sababu maneno matamu hayana risiti.

Nyumba nyingi hapa zina sola ya mkopo, ile ya kulipia kwa simu. Wengi wetu tunalipa shilingi 700 kwa siku. Kwa mwezi ni 21,000. Paneli ni ya wati 50. Jua la Dodoma ni kali, tuipe saa tano nzuri kila siku: inatoa robo ya uniti. Mwezi mzima ni uniti saba na nusu, siku za mawingu hatujazitoa. Yaani uniti moja inatugharimu shilingi 2,800.

Mwenzetu aliye pale kijijini kwenye nguzo, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Ongeza VAT na tozo, inafika kama 122. Uniti zote 75 hazimfikishi hata 10,000. *Yeye kwa 9,150 anapata uniti 75. Sisi kwa 21,000 tunapata saba na nusu.* Sasa Mheshimiwa atuambie mwenye uhitaji ni nani.

Mtu atasema mkopo unaisha baada ya miaka mitatu. Ni kweli. Betri nayo inaishia hapo hapo, na betri mpya haina mkopo. Na kabla ya kufika huko, ukikosa 700 siku mbili, taa inajifunga yenyewe. Hakuna mtu anayekuja kubisha hodi wala kukupa notisi. Mama yuko jikoni, mtoto wa Kidato cha Pili yuko kwenye daftari, giza linaingia. Umefungiwa taa na mtu aliye mjini asiyejua hata jina la kitongoji chako. Huko ndiko kujitosheleza?

Eleweni vizuri: tawi halipingi sola. Imetutoa kwenye kibatari, macho na vifua vinashukuru. Lakini sola ya wati 50 haisagi. Mashine yetu ya kusaga ni ya dizeli, na dizeli ikipanda bei debe linapanda siku hiyo hiyo. Haichomelei geti, haisukumi pampu, haigandishi barafu ya kuuza mtaani. Vijana wenye ufundi wameondoka kwenda kwenye nguzo. Walipenda kubaki, ila ufundi wao unataka soketi.

Na hayo maji ya mvua tuliyosifiwa. Paa la bati la mita sita kwa nane, kwa mvua yetu ya milimita kama 550 kwa mwaka, linaweza kukusanya zaidi ya lita 20,000 hata ukitoa zinazopotea. Familia inayotumia madumu matano kwa siku ingekaa zaidi ya miezi sita bila kununua. Tatizo ni tenki. Aliyejikamua sana ana la lita 5,000, nalo kwa madumu hayo matano ni siku 50. Mengine tunayaangalia yakipita uani kwenda korongoni, halafu kuanzia Julai tunanunua dumu kwa bodaboda. Hapo ni mwenye bati na gata. Wazee wetu wanaoishi kwenye tembe, paa lao ni udongo, wao wanavuna nini? Diwani hakuwataja. Kisima kipo, ndugu, tena kimechimbwa. Pampu yake inasubiri umeme.

Sasa tuje kwenye kiini. Kitaifa tunaambiwa vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na umeme. Hatubishi. Kijiji chetu nacho kimo: laini imefika ofisi ya kijiji, zahanati na maduka manne. Ila nchi ina vitongoji 64,359, na sisi ni kimoja kati ya vile vilivyo nyuma ya hesabu, kilomita nne kutoka nguzo ya mwisho. Kwenye karatasi tuna umeme. Kwa macho tunaona taa za wenzetu kule bondeni.

Na tunachangia. Wenye nguzo wakinunua LUKU wanakatwa asilimia 3 kwa ajili ya nishati vijijini. Sisi tusio na LUKU, bodaboda inayotupeleka senta kuchaji simu inaweka petroli yenye tozo ya Mfuko huo huo wa Nishati Vijijini. Tunalipia nguzo ambazo tunaambiwa hatuzihitaji.

Kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000 kwa aliye karibu na laini. Mwenye chumba kimoja na sebule hana haja ya kufanya wayaringi nyumba nzima, kuna kifaa cha UMETA. Hiyo 27,000 ni sola ya siku 39 tu. Pesa tunayo, tunaitoa kila siku. Kinachokosekana ni laini.

Kwa hiyo Tawi linaelekeza hivi. Mkutano mkuu wa kijiji ni *JUMAMOSI saa 4 asubuhi*, ofisi ya kijiji. Twende wote, wenye sola na wasio na sola, na wenye tembe waje mbele. Hoja yetu ni moja: kitongoji chetu kirudishwe kwenye orodha itakayopelekwa wilayani kabla mkandarasi hajapima, na muhtasari wa kikao uandike wazi kwamba paneli juu ya paa haihesabiwi kuwa umeme. Mtendaji asipoiandika, hatuondoki na hatusaini mahudhurio.

Kila nyumba ije na simu yenye meseji za malipo ya sola ya mwezi uliopita. Tutazijumlisha pale pale mbele ya Diwani. Tumeshamwalika, amesema atakuja.

Asiye na chaji aje kwa Katibu Ijumaa mchana jua likiwaka, zipo nafasi sita.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati.*
Sambaza kwenye magrupu yote ya kitongoji.