Mwambie Mgeni Kununua Si Lazima

Na Zuhura Mbaraka

Mwanamke aliyepanga kuuza vyombo, vitenge au vipodozi sebuleni kwake kwa mara ya kwanza huanza kuhangaika siku mbili kabla wageni hawajabisha hodi. Viti vya plastiki vimeshaazimwa kwa jirani, sambusa zimeshakunjwa, mzigo umeshapangwa mezani na bei zimeshaandikwa, lakini usingizi hauji. Akifumba macho anaiona sebule tupu. Akifumbua anaiona imejaa watu wanaomtazama na yeye hana la kusema. Wanaomtakia mema humpa ushauri uleule: vuta pumzi, jiamini, tabasamu, mwombe Mungu. Sina ugomvi na ushauri huo, na pumzi nitaizungumzia hapo mbele. Ninachodai ni kwamba unatuliza homa bila kuuliza ugonjwa. Hofu ya mwenyeji huyu si woga wa kusema mbele ya watu tu, maana watu wenyewe ni shoga zake, wifi yake, jirani wa ukuta mmoja na wenzake wa kikoba, ambao jana tu alikaa nao akacheka bila kujipanga. Anachoogopa ni kuwageuza watu hao kuwa wateja. Amewaita kwa jina la urafiki, na moyoni anajua kuna pesa inayosubiriwa. Dawa ya kwanza ya hofu hiyo ni kumwondolea mgeni mzigo wa kununua, mapema na kwa maneno ya wazi. Mgeni akiwa huru, mwenyeji hupata pa kupumulia.

Historia ya biashara hii inaonyesha hofu hiyo inatoka wapi. Huko Marekani, Earl Tupper aliingiza sokoni mwaka 1946 vyombo vya plastiki vyenye mfuniko unaobana usipitishe hewa. Madukani vilidoda. Watu walivitazama rafuni wasielewe mfuniko unafungwaje, wakapita. Walioviokoa ni wauzaji waliovipeleka majumbani, na aliyewazidi wote ni Brownie Wise, mama aliyekuwa akilea mtoto wake peke yake. Mwaka 1951 Tupper alimkabidhi mauzo hayo ya nyumbani na kuviondoa vyombo vyake madukani kabisa. Mwaka 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Mwanzoni mwa 1958 alifukuzwa kazi, na mwaka huohuo Tupper akaiuza kampuni. Katika mpango ule kulikuwa na watu wawili mbele ya wageni: mwenye nyumba, aliyealika na kukaribisha, na muuzaji, aliyeeleza bidhaa na kupokea maagizo. Mwenye nyumba alipewa zawadi kwa kuandaa shughuli, lakini si yeye aliyesimama kuomba pesa. Kwetu, kuanzia Tandika hadi Kisauni, kazi hizo mbili mara nyingi humwangukia mtu mmoja. Ndiye anayemimina juisi ya ukwaju, na ndiye anayetaja bei ya kitenge. Si ajabu mkono unatetemeka.

Kwamba urafiki ndio unaouza kuliko bidhaa, si dhana tu. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Jonathan Frenzen na Harry Davis, walichapisha uchunguzi wao kuhusu ununuzi katika shughuli za aina hii. Mwanasaikolojia Robert Cialdini, katika maandishi yake kuhusu ushawishi, ameyaeleza matokeo yao hivi: uhusiano wa mnunuzi na mwenyeji una uwezekano mara mbili zaidi wa kuamua ununuzi kuliko mnunuzi anavyoipenda bidhaa yenyewe. Mgeni anajua hivyo anapovaa kutoka kwake, na mwenyeji anajua pia. Wapo wanaoiona habari hiyo kuwa njema kwa biashara: waite unaowapenda, watanunua. Mimi naiona kuwa ndiyo asili ya tumbo kukoroga. Mtu mwenye haya hutambua anapotumia mapenzi ya watu kama mtaji, na mwili wake humwambia kabla ulimi haujakiri.

Hasara yake nayo haiishii moyoni. Mgeni aliyenunua kwa kuona aibu hulipa kwa namna tatu, na zote zinamrudia mwenyeji. Anaweza kulipa leo na asirudi tena, si kwenye mauzo wala kwenye maulidi. Anaweza kuchukua mali kauli, akaahidi mwisho wa mwezi, kisha simu ikawa haipokelewi na salamu za kibarazani zikakatika. Au anaweza kulipa kwa pesa aliyoiweka kwa ajili ya mchezo wa wiki ile, na hapo deni linahama tu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya kundi lilelile la wanawake. Kila anayeshika daftari la wadeni anajua kwamba kurasa ngumu ni zile zenye majina ya ndugu. Kumdai mpita njia ni kazi, lakini kumdai wifi ni msiba. Kwa hiyo mauzo ya siku ya kwanza yanayopatikana kwa kumbana mgeni yanaweza kuonekana makubwa jioni hiyo na yakawa madogo sana baada ya miezi mitatu.

Pingamizi kubwa ni la tumbo. Mwanamke aliyechukua mzigo Kariakoo au Eastleigh kwa akiba yake yote ataniuliza: nikiwaambia wasinunue, watoto watakula nini? Swali ni la haki na linastahili jibu lenye ushahidi. Mwaka 2000 watafiti wa Ufaransa Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walichapisha jaribio ambamo watu waliokuwa wakipita waliombwa sarafu za nauli ya basi. Walioombwa kwa maneno ya kawaida walitoa 10 kwa kila 100. Walioombwa vilevile, kisha wakaambiwa kwamba wako huru kukubali au kukataa, walitoa zaidi ya 47 kwa kila 100. Mwaka 2013 Christopher Carpenter alikusanya tafiti 42 za namna hiyo, zenye washiriki zaidi ya 22,000, na akakuta njia hiyo inafanya kazi katika mazingira mengi, ingawa nguvu yake hupungua pale mtu asipoamua papo hapo. Kuomba nauli si kuuza seti ya sufuria, na sisemi kwamba tarakimu hizo zitahamia sebuleni zilivyo. Ila zinabomoa imani kwamba mtu hutoa zaidi anapobanwa. Aliyeachiwa mlango wazi hukaa kwa raha, hushika kitambaa, huuliza bei mwenyewe. Aliyefungiwa huhesabu dakika.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa msisitizo. Maneno ya uhuru yasigeuzwe chambo. Ukimwambia mgeni kununua si lazima, kisha ukamnunia alipoondoka mikono mitupu, umemdanganya, na mara ya pili hatakuamini. Uhuru huo uonekane katika mpangilio wenyewe. Chakula kitolewe kwa wote kabla ya biashara kuanza, si baada ya kununua. Asiwepo wa kutangaza kwa sauti nani amechukua nini. Bei ziandikwe kwenye kila kitu ili asiye na uwezo asilazimike kuuliza na kisha kunyamaza mbele ya wenzake. Malipo yafanyike kwa simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mtu anaweza kulipia kitu akiwa amekaa kwenye mkeka bila jirani yake kujua ni shilingi ngapi, au kama amelipa kabisa. Namba ya malipo ikibandikwa ukutani pamoja na bei, mwenyeji hana haja ya kuzunguka na daftari akimtazama kila mmoja usoni. Kule kuzunguka ndiko kunakomtisha zaidi, na kunaweza kuondolewa.

Wapo watakaosema kwamba mila zetu haziruhusu. Kwamba mgeni wa Kiswahili aliyealikwa, akala na kunywa, ataona fedheha kuondoka bila kuunga mkono, hata akiambiwa mara kumi kwamba si lazima. Kuna ukweli ndani yake. Sisi ni watu wa kuchangiana. Harusi na msiba hujengwa kwa michango, na asiyetoa hujulikana. Lakini mchango na biashara ni vitu viwili, na fedheha ya mgeni huzaliwa pale vinapochanganywa. Anayealikwa kwa ujumbe wa "njoo tuonane", akakuta meza ya vipodozi, ametegwa. Anayealikwa kwa ujumbe unaosema wazi kwamba kutakuwa na bidhaa za kuuza, kwamba atakayekuja kusalimia tu anakaribishwa, ana nafasi ya kuamua akiwa kwake, pamoja na mfuko wake. Adabu yetu inajua kusema ukweli kwa upole kabla ya jambo. Hapo ndipo pa kuitumia. Ikiwa unauza bidhaa za kampuni, mtu aliyekuunganisha nayo anaweza kukushauri ufiche habari ya mauzo ili watu wajae. Usimsikilize. Wageni sita waliokuja wakijua ni bora kuliko ishirini walioduwaa mlangoni.

Sasa nirudi kwenye pumzi. Nikishasema haya yote, mwili nao una mambo yake, na hata mwenyeji aliyeweka kila kitu wazi anaweza kusikia moyo unadunda gari la kwanza linaposimama nje. Hilo ni jambo la kawaida, na kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi kunasaidia. Lakini kujilazimisha kutulia kabisa si njia pekee. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ya watu waliotakiwa kuimba mbele ya mtu, kutoa hotuba na kufanya hesabu. Waliojisemea kwamba wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojisemea kwamba wametulia au kwamba wana wasiwasi. Sababu si ngumu kuielewa: hofu na shauku huupeleka moyo mbio kwa namna moja, kwa hiyo ni rahisi kuipa ile mbio jina jingine kuliko kuisimamisha. Mwanamke anayesubiri wageni ajisemee kwamba ana hamu ya kuwaona. Ikiwa hakuwaita ili kuwabana, maneno hayo yatakuwa ya kweli, na ndiyo maana nayapenda.

Lipo pia suala la macho ya watu. Mwenyeji huamini kila mgeni anaiona mikono yake inayotetemeka na jasho jembamba kwenye paji la uso. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya kuwaaibisha na kuwaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliomo wameitambua picha. Ukweli ulikuwa karibu robo. Miaka mitatu baadaye, Gilovich na Kenneth Savitsky walionyesha kwamba wasemaji walioelezwa mapema kuwa wasiwasi wao hauonekani kama wanavyodhani walitoa hotuba bora zaidi, kwa tathmini yao wenyewe na ya waliowasikiliza. Basi naliandika hapa ili nalo litumike: wageni wako hawaoni hata nusu ya unayoyahisi. Wengi wanatafuta pa kuweka kikombe cha chai.

Na mikono ipewe kazi. Wise alijulikana kwa kujaza chombo kitu cha majimaji, kukifunga na kukirusha hewani wageni wakitazama. Hotuba ndefu isingeeleza mfuniko vizuri kuliko vile. Anayeuza sufuria apike nayo wali wa watu wanne pale pale. Anayeuza kitenge akifunge kiunoni kwa mitindo mitatu. Anayeuza mafuta ya ngozi aanze na mgongo wa mkono wake mwenyewe. Mtu anayefanya kazi aliyoizoea hasahau maneno, maana kazi yenyewe inamwongoza. Kukariri kurasa mbili za sifa za bidhaa ni kujitafutia hofu bure, kwa kuwa sentensi moja ikipotea zote zinafuata.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kuweka mkeka wiki hii, kabla ya kuhesabu viti na kuonja kachumbari, shika simu na uandike ujumbe mfupi: "Karibu kwangu Jumamosi saa kumi jioni. Nitakuwa na vitenge vya kuuza na bei nimeziandika. Njoo tuonane, kununua si lazima." Utume leo, kwa kila uliyemwalika, na uhakikishe wifi naye ameupata.