Kampuni Siyo Bonasi

Vijana wenzetu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunasema wazi. Wanaotengeneza modi za gemu za mikakati, zile za dunia ya leo, wanakosea sana kuhusu kampuni za kimataifa. Na sisi tunaojifunza kutengeneza modi kwenye kompyuta chache za kituo cha vijana, tusiwaige.

Kwenye modi nyingi tulizocheza, kampuni ni kipicha chenye bonasi. Unabonyeza, uzalishaji unapanda, basi. Mgodi ni alama kwenye ramani. Watu je? Hamna.

Msituambie eti gemu haiwezi. Civilization IV, ileile inayofunguka na wimbo wa Kiswahili "Baba Yetu", ilipata nyongeza ya Beyond the Sword mwaka 2007. Humo kampuni ina makao makuu kwenye mji mmoja na matawi kwenye miji mingine. Mji wenye tawi unapata faida lakini unalipa gharama, na hela nyingine inaingia kwenye mji wa makao makuu. Kuna hata sera ya kuzuia kampuni za nje. Ila nayo iliwasahau watu wanaokaa juu ya madini.

Sasa chukueni kobalti ya Kongo, inayoingia kwenye betri za simu. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani ilikubali kuuza hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume kwa China Molybdenum, dola bilioni 2.65. Bendera kwenye ramani haikubadilika, mwenye mgodi ndiye alibadilika. Mwaka 2018 Kongo ilibadili sheria ya madini, na mrabaha wa kobalti ukapandishwa hadi asilimia 10. Kampuni kubwa zilipinga. Mwaka 2022 Glencore ya Uswisi ilikiri makosa ya rushwa mbele ya mahakama ya Marekani, na Kongo ilikuwa mojawapo ya nchi zilizotajwa. Hayo yote utayaweka kwenye bonasi gani?

Kwa hiyo modi yetu iwe hivi. Kampuni iwe na makao, mgodi, na wenye hisa wanaoweza kubadilika. Serikali iwe na kitufe cha mrabaha. Kampuni iwe na kitufe cha kutishia kuondoka, na kingine cha rushwa. Na mgodi ukipanuka, namba ya waliohamishwa itokee juu kabisa, pale inapokaa hazina na jeshi. Mchezaji aione kila zamu.

Wengine watasema tunaharibu raha. Raha ya nani? Gemu ya mikakati bila uamuzi mgumu inachosha. Na nyinyi mnaosema vijana wanamaliza umeme wa sola kwa michezo: kijana anayejua hela ya mgodi inatoka wapi na inaishia wapi, huyo anasoma. Mkileta mafunzo ya kompyuta, msiishie kutufundisha kuandika barua za kuomba kazi.

Wengi wetu tumetoka kwenye ardhi yenye madini. Tusipoandika sisi kanuni hizi, wataziandika wanaoijua ardhi yetu kwa alama tu. Anayetaka kuingia kwenye timu aje na kampuni moja kichwani: iko wapi, inachimba nini, na nani anahama.